Shahada ya 2012, mtihani wa leo: nani asamehewe, na somo gani?

Dirisha la kujiandikisha kwa mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA, likikaribia, swali moja huzunguka kwenye ofisi za Arusha na Moshi: "Wewe wamekusamehe mangapi?" Anayeulizwa ni mhitimu wa shahada ambaye tayari yuko kazini. Pengine anashika vitabu vya kampuni ya utalii, au anapita kwenye vyama vya msingi vya ushirika akikagua malipo ya wakulima wa kahawa. Sasa anaitaka CPA, yaani sifa ya mhasibu kamili inayotolewa na bodi hiyo, na anataka kujua ile transkripti, karatasi ya alama zake za chuo iliyolala kwenye faili, itamwondolea masomo mangapi.

Mabishano yanayofuata ni yale yale kila mwaka. Upande mmoja unasema aliyekwisha kufaulu somo chuoni asirudishwe kulifanya tena na kulilipia tena. Upande wa pili unasema shahada ni ya chuo, CPA ni ya bodi, na chuo kisiamue kwa niaba ya bodi. Wote wana hoja, na nitazieleza. Ila naona wote wanakitazama cheti, wakati cha kutazama ni somo lenyewe na mwaka liliposomwa.

Kwanza utaratibu ulivyo, maana wengi wanabishana bila kuujua. Mitihani ya NBAA ya kuelekea CPA ina ngazi ya awali, ya kati na ya mwisho. Mwenye shahada ya uhasibu inayotambuliwa huivuka ngazi ya awali na kuanzia ya kati. Mwenye shahada ya fani nyingine, hata awe na GPA ya kutisha, huanzia chini. Ngazi ya mwisho hairukwi kwa shahada. ACCA, chama cha wahasibu cha Uingereza, ina mkono mwepesi zaidi: kwa muundo ulioko sasa ina mitihani 13, na shahada inayofaa inaweza kukuondolea hadi 9, ukabaki na 4 ya juu ambayo haina msamaha. Wamarekani wamekwenda kinyume kabisa. CPA yao ina sehemu nne, na kila anayeitaka anazifanya zote nne. Shahada kwao ni sharti la kupata leseni, na kwa miaka mingi majimbo yamedai saa 150 za masomo ya chuo kikuu, yaani krediti za muhula, lakini hata moja ya saa hizo haipunguzi mtihani.

Kwa hiyo swali lenyewe ni halali. Watu wenye akili timamu, kwenye fani ile ile, wamelijibu kwa namna tatu zisizofanana.

Nianze na wanaodai msamaha, kwa sababu hoja yao mara nyingi hudharauliwa na wale waliokwisha kuvuka. Mtu amekaa miaka mitatu Chuo cha Uhasibu Arusha pale Njiro, au Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi. Mtaala wake umepitishwa na mamlaka za nchi. Amefanya majaribio, amefanya mitihani ya muhula, wenzake kadhaa wamedisko mbele ya macho yake, yeye amebaki. Ukimwambia arudi kuthibitisha kwamba anajua kuingiza muamala pande mbili za leja, unamwambia kwamba serikali ilikosea kukitambua chuo chake. Kama shahada haitoshi hata kwa mambo ya mwanzo, basi tuseme wazi kwamba vyuo vinauza karatasi. Hakuna anayetaka kulisema hilo hadharani.

Halafu kuna muda. Mitihani ya NBAA hufanyika Mei na Novemba. Kwa watu wa utalii hapa Arusha hiyo ni bahati, kwa sababu miezi hiyo ni ya mvua, wageni wamepungua, na meneja hanuni ukiomba likizo ya wiki moja. Aliye kwenye kampuni ya ukaguzi hana bahati hiyo. Wateja wake wengi hufunga hesabu Desemba 31, na ritani ya mwisho ya kodi ya mapato inatakiwa ndani ya miezi 6, yaani kufikia Juni 30. Mei kwake ni mwezi wa kurudi nyumbani usiku na kuamka alfajiri. Kila somo analolazimishwa kulifanya bila sababu ni Mei nyingine ya namna hiyo, na kama ni mama mwenye mtoto mchanga, huenda ni Mei itakayomfanya aache kabisa. Bodi inayoongeza somo kwa ajili ya heshima tu inapoteza watu wazuri bila kujua.

Sasa upande wa pili. Wanaopinga misamaha hawapingi vyuo, wanapinga namna vyuo vinavyopima. Mfumo wa kawaida ni alama 40 za kazi za darasani na 60 za mtihani wa mwisho. Zile 40 kila aliyepita chuo anazijua. Kazi ya kikundi ina majina kumi, waliofanya ni wawili, mmoja amelipia uchapaji, waliobaki wameona kazi siku ya kuwasilisha. Madesa ya mwaka juzi yanazunguka simu kwa simu. Hakuna ubaya mkubwa katika hilo, ndivyo watu wanavyosoma, lakini alama inayopatikana haisemi kitu kile kile kinachosemwa na mtihani wa saa tatu ambao aliyeutunga hakujui na hakukufundisha.

Na tuna ushahidi kutoka fani ya jirani. Oktoba 2022 matokeo ya Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo yalitikisa nchi: kati ya watahiniwa 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Wote 633 walikuwa na shahada ya sheria. Iliundwa kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe kuchunguza, na mjadala ukagawanyika kati ya wanaolaumu vyuo na wanaolaumu taasisi. Siingii huko. Ninachochukua ni kwamba chuo na chombo cha taaluma vinaweza kumpima mtu yule yule na kupata majibu yaliyo mbali kama Mtwara na Bukoba. Mawakili hawana msamaha wa kudai pale, na hata hivyo mambo yalikuwa vile. Je, kama wangekuwa nao?

Hapa wapinzani wa misamaha huwa wanashinda ukumbini. Lakini hoja hiyo, ukiifuata hadi mwisho, inakupeleka kufuta misamaha yote, na hilo nalo ni uvivu wa kufikiri. Si kila somo linaharibika kwa namna moja.

Chukua shamba la kahawa, mfano ulio karibu kabisa na Moshi. Aliyesoma uhasibu na kuhitimu 2012 alifundishwa kwamba mibuni ni mali hai chini ya IAS 41, kimojawapo cha viwango vya kimataifa vya uhasibu. Kila mwisho wa mwaka unaipima kwa thamani ya soko, na thamani ikipanda au ikishuka, tofauti inaingia kwenye faida ya mwaka. Kuanzia Januari 1, 2016 hilo liliondolewa. Mibuni, kwa kuwa ni mimea inayozaa mwaka hadi mwaka, ilihamishiwa IAS 16 pamoja na mashine na majengo: unaiandika, kwa kawaida kwa gharama yake, kisha unaitoza uchakavu. Kahawa iliyo mtini, ambayo haijachumwa, ikabaki IAS 41. Yaani mbuni mmoja sasa una viwango viwili, shina na matawi huku, matunda kule. Mhitimu wa 2012 ambaye hakuwahi kurudi darasani, ukimpa hesabu za shamba hilo, atapandisha faida kwa kitu ambacho hakiruhusiwi tena kugusa faida, na atafanya hivyo kwa kujiamini, maana transkripti yake inaonyesha A.

Mfano wa pili unagusa karibu kila ofisi mjini. Kampuni ya utalii imepanga yadi ya magari na ofisi kwa miaka 5, kodi ya pango ni shilingi milioni 24 kwa mwaka, inalipwa kila mwisho wa mwaka. Kwa mafunzo ya zamani ilikuwa rahisi: kila mwaka unaandika gharama ya milioni 24, na kwenye mizania hakuna kitu. Tangu Januari 1, 2019, chini ya IFRS 16, kiwango cha kimataifa cha mikataba ya upangaji, malipo hayo matano yanarudishwa kwenye thamani ya leo. Tukitumia riba ya asilimia 15, yanafika takriban milioni 80.5. Kiasi hicho kinaingia kwenye mizania mara mbili, kama haki ya kutumia mali na kama deni. Mwaka wa kwanza gharama si milioni 24 tena: riba ni kama milioni 12.1, uchakavu milioni 16.1, jumla milioni 28.2. Mwaka wa tano inashuka hadi kama milioni 19.2. Jumla ya miaka yote mitano ni milioni 120 ile ile, lakini benki inayotazama uwiano wa madeni siku ya kuomba mkopo wa magari mapya itaona kampuni nyingine kabisa. (Ikiwa kampuni inatumia viwango vya biashara ndogo na za kati, utaratibu wa zamani bado upo. Lakini mhasibu anatakiwa ajue yuko upande gani, na kwa nini.)

Somo la kodi za serikali ndilo baya zaidi. Mhitimu huyo huyo alisoma VAT kwa sheria ya 1997. Sheria hiyo imefutwa, tuna ya 2014, iliyoanza kutumika Julai 1, 2015, na juu yake kuna Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015. Kila Julai inakuja na Sheria mpya ya Fedha inayogusa viwango, misamaha na tarehe. Somo la kodi lililofaulu miaka kumi na kitu iliyopita ni historia ya kodi. Ni elimu nzuri, ila si ya kumpa mtu ruhusa ya kumshauri mteja.

Linganisha na hesabu na takwimu. Kanuni ya wastani haijabadilika tangu 2012. Mhandisi aliyemaliza hesabu za chuo kikuu, aliyepasua masomo ambayo wengi wetu wahasibu tusingeyagusa, anapoamua kuhamia fedha anajikuta anaanzia ngazi ya awali kwa sababu shahada yake haina neno uhasibu. Akirudishwa kukokotoa uwezekano na mistari ya mwelekeo, bodi haijapata chochote kipya kuhusu uwezo wake. Vivyo hivyo kwa aliyesoma uchumi ukija kwenye uchumi. Hao ndio watu wa kusamehewa bila kinyongo, na ajabu ni kwamba mjadala wetu wote unahusu wenye shahada ya uhasibu, wakati watu wenye madai yaliyo imara kwa baadhi ya masomo ni wale wasio nayo.

Ndiyo maana nasema NBAA, inayosemwa kuwa ina roho ngumu, iko sahihi kuliko watu wanavyokubali katika jambo moja: kumrudisha mhitimu wa uhasibu kwenye taarifa za fedha, ukaguzi na kodi za ngazi ya kati. Si dharau kwa Njiro wala kwa Moshi. Masomo hayo matatu ndiyo yanayobadilika kwa sheria na viwango, na ndiyo ambayo masomo ya mwisho yamejengwa juu yake. Pale isiposadikisha ni kwenye masomo ya utawala na usimamizi ya ngazi ile ile, ambayo mhitimu ameyasoma kwa kina na ambayo hayazeeki haraka. Hapo lawama za watahiniwa zina uzito, na ningependa kuona bodi ikilegeza.

ACCA nayo ina tatizo la upande wa pili. Mtu akisamehewa mitihani 9, mtihani wake wa kwanza kabisa wa taaluma unakuwa wa ngazi ya juu. Chukua somo la usimamizi wa utendaji, linaloitwa PM, mojawapo ya yale yanayosamehewa. Kwenye matokeo ya miaka ya karibuni, karibu watahiniwa 4 tu kwa kila 10 duniani ndio wanaolifaulu. Somo la juu yake, APM, hufaulu pungufu ya hapo. Sasa fikiria anayeingia APM bila kuwahi kukaa kwenye PM, kwa sababu shahada ilimvusha. Amerukishwa somo ambalo zaidi ya nusu ya waliolifanya waliangushwa nalo, kisha ameketi kwenye somo linalodhani alilijua. Akishindwa mara ya kwanza na ya pili atalaumu msahihishaji.

Na si kwamba msamaha ni wa bure. Watu wakisikia neno lenyewe hudhani wamepewa zawadi, kumbe ada ya kusamehewa somo la ACCA hukaribiana na ada ya kulifanya, na inalipwa kwa pauni. Unachookoa ni muda, vitabu na darasa la rivyu. Kwa mwenye kazi ya Arusha hivyo si vitu vidogo, lakini vipimwe kama vilivyo. Pia tusisahau nani ananufaika. Bodi inapokea ada bila kutunga wala kusahihisha mtihani. Chuo kinapata la kuandika kwenye bango la udahili. Mwajiri naye akiona herufi za ACCA mwishoni mwa jina haulizi mangapi yalifanywa na mangapi yalivukwa. Anayebaki na hatari yote ni mtahiniwa, siku anapofungua karatasi ya ngazi ya mwisho.

Kwa hiyo mwenye shahada afanye nini? Adai msamaha wa masomo yasiyozeeka, bila aibu. Kwa taarifa za fedha, kodi na ukaguzi, kabla hajalipia, achukue pasti pepa ya karibuni ya somo hilo hilo analotaka kuruka, ajifungie chumbani saa tatu, simu ikiwa mbali. ACCA inamruhusu mtu kuuacha msamaha aliopewa na kulifanya somo kwa hiari, na sijui kwa nini wachache sana hufikiria kulitumia dirisha hilo. Mkubwa wa ofisi anayemshauri kijana wake "dai yote, usijisumbue" anamwonea huruma, ila huruma hiyo haitafika naye kwenye chumba cha mtihani.

Kuna pingamizi moja dhidi yangu ambalo sitalikwepa. Nikisema shahada ya zamani isitoe msamaha, namwadhibu nani? Mara nyingi ni mtu aliyehitimu 2012 na tangu hapo amekuwa kazini. Huenda ndiye aliyeandaa ile hesabu ya pango la yadi mwaka wa kwanza wa IFRS 16, akabishana na mkaguzi kuhusu riba ya kutumia, na anaijua kuliko mhadhiri aliyeisoma kwenye slaidi. Wakati huo mwenzake wa darasa lile lile amekaa miaka yote hiyo kwenye mishahara ya shule, kazi ya heshima, lakini hajaliona shamba wala mkataba wa upangaji. Transkripti zao zinafanana hadi alama ya mwisho. Kuwatupa wote nje kwa kigezo cha mwaka ni uonevu kwa yule wa kwanza, na kuwaingiza wote ni kumdanganya wa pili. Ningependekeza karatasi moja fupi ya mabadiliko ya viwango na sheria kwa kila anayedai msamaha wa masomo hayo kwa shahada iliyopita miaka kadhaa. Aliyekuwa akiyafanya kazini ataimaliza mapema na kwenda zake. Gharama yake kwa bodi ni ndogo kuliko ya kumrudisha kila mtu somo zima.

Na wanaohitimu sasa wasidhani haya ni mambo ya kaka zao wa 2012. Wengi wao taarifa ya faida na hasara wamefundishwa kwa mpangilio wa IAS 1, kiwango cha kuwasilisha taarifa za fedha. Kwa miaka ya hesabu inayoanza Januari 1, 2027 na kuendelea, IFRS 18 inachukua nafasi yake: mapato na gharama yanagawanywa katika shughuli za uendeshaji, uwekezaji na ugharamiaji, na faida ya uendeshaji inakuwa jumla ndogo ya lazima. Aliyesoma kwa IAS 1 akikiweka cheti kabatini miaka miwili mitatu atafute kazi kwanza, atakuja kudai msamaha kwa kutumia taarifa ambayo hakuna kampuni inayofuata viwango hivyo itakayoiandaa tena kwa sura ile.